Kuchelewa Huanza Mlangoni

Jambo nitakalolisema leo si geni kwa mtu ye yote. Nataka kuzungumza nanyi habari za kuchelewa. Sisemi habari za mtu aliyechelewa siku moja kwa sababu mto ulifurika au mtoto aliugua usiku. Hayo humpata kila mwanadamu. Nasema habari za mtu ambaye kuchelewa kumekuwa desturi yake tangu utoto mpaka kuota mvi. Huitwa mkutanoni akachelewa, arusini akachelewa, hata mazishini akachelewa, na kila mara anao udhuru mpya.

Mtu huyo namjua sana, maana ni mimi mwenyewe. Mimi ni mzaliwa wa Tlawi, katika nyanda za juu za Mbulu, karibu na ziwa lile dogo liitwalo kwa jina hilo hilo. Nilipokuwa mwanafunzi, aghalabu nilifika shuleni wenzangu wamekwisha panga mistari. Nilipopata kazi, nilifika kazini mlango umekwisha funguliwa na watu wengine. Basi msidhani ya kuwa nimekuja kuwahubiria kama mtu asiye na doa. Nimekuja kama mgonjwa aelezaye ugonjwa wake, na dawa alizozijaribu, na zile zilizomfaa kidogo.

Jiwe la kando ya njia

Nitaanza na siku ile iliyonifanya niuogope ugonjwa huu. Baba yangu alikuwa akilalamika kwamba jicho lake la kushoto lina ukungu. Tukapata habari ya kuwa daktari wa macho atokaye mbali atakuwapo hospitalini kwa siku moja tu, na ya kwamba majina ya wagonjwa yataandikwa mpaka saa 4 ya asubuhi. Mimi nilikuwa nikikaa mjini Mbulu, na baba alikuwa Tlawi. Nikaazima gari la rafiki yangu, nikampelekea baba neno: "Saa 1 kamili uwe barabarani, nitakuja kukuchukua."

Asubuhi ile niliamka mapema. Nawaombeni mkumbuke neno hilo: niliamka mapema. Nikanywa chai. Nikaona kiatu kimoja kimechafuka, nikakisafisha. Nikatafuta ufunguo wa gari, nikauona chini ya magazeti. Rafiki yangu akapita kuniaga, nasi tukazungumza. Nikawaza, "Tlawi si mbali, nitafika upesi." Nilipotia gari moto, saa 1 ilikuwa imekwisha pita zamani, na hata hapo nikasimama njiani kujaza mafuta ambayo ningaliweza kuyajaza jana yake. Nilimkuta baba saa 3 na nusu.

Alikuwa ameketi juu ya jiwe kando ya njia, amejifunika blanketi, fimbo yake i katikati ya magoti. Watu wakaniambia ameketi pale tangu alfajiri. Nilitazamia maneno makali. Baba akasimama, akanishika mkono, akasema, "Umefika mzima? Nilidhani gari limepinduka." Basi muda wote ule niliokuwa nikisafisha kiatu, mzee yule alikuwa akiniona katika mawazo yake nimekufa bondeni.

Tulipofika hospitalini majina yalikuwa yamekwisha fungwa. Daktari alirudi baada ya miezi 3. Akampima baba, akasema ni ule ugonjwa ambao maji yaliyo ndani ya jicho husukuma kwa nguvu mpaka mshipa wa kuonea ukafa. Jicho la kushoto halitaona tena. Lile jingine laweza kuokolewa kwa dawa ya matone. Nikamwuliza kama ile miezi 3 ndiyo iliyoliharibu. Akanitazama kitambo, akajibu ya kuwa huenda ndivyo, huenda sivyo. Ugonjwa ule huenda kimya kimya, na nuru iliyokwisha potea hairudi. Jibu lile ninalo hata leo. Mtu aliyechelewa mara nyingi haambiwi gharama ya kuchelewa kwake; huachiwa aikisie mwenyewe.

Udhuru wetu

Tangu siku ile nilianza kuzichunguza nyudhuru zangu moja moja, kama mtu achaguaye maharagwe ya mbegu, nikaona nyingi zimeoza.

Udhuru wa kwanza husemwa kwa kicheko: "Sisi Waafrika ndivyo tulivyo, saa ni mambo ya wageni." Neno hili si kweli, tena ni matusi kwa babu zetu. Babu zetu hawakuwa na saa ya mkononi, walakini walikuwa watu wa wakati. Ng'ombe hukamuliwa kwa wakati wake. Ukichelewa, hulia zizini na ndama hulia nao. Mkulima wa Mbulu aliyekawia kupanda mahindi hata mvua zikamtangulia, huziona zikikatika na magunzi yake hayajajaa. Huko pwani nako, nahodha wa jahazi aliyekuja kwa pepo za kaskazi alijua ya kuwa pepo za kusi zikishika ndizo za kumrudisha Arabuni. Akikawia hata pepo zikampita, hukaa bandarini kwa miezi mingi, akila faida yake. Hakuna aliyemwambia nahodha yule, "Si neno, ndivyo tulivyo." Upepo haukumngoja.

Udhuru wa pili ni methali. Wengi wetu tukichelewa husema, "Kawia ufike," au "Haraka haraka haina baraka." Methali hizi ni za kweli, lakini tumezitumia vibaya. Zasema habari za mwendo, hazisemi habari za kuondoka. Mtu aendaye pole pole ni mtu aliyekwisha ondoka. Yeye aliyeketi nyumbani akitafuta kofia hawezi kusema ya kuwa anakwenda pole pole, haendi kabisa. Na kwa hakika, yule achelewaye kuondoka ndiye akimbiaye njiani, na ndiye ajikwaaye. Atakaye kwenda pole pole na ashike njia mapema.

Udhuru wa tatu ni wa akili zaidi, nao una ukweli ndani yake. Husemwa, "Mimi naliondoka jua lilipochomoza, kama siku zote." Huu wataka maelezo marefu kidogo, nami nawaomba wanafunzi wachukue kalamu.

Jua na saa

Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, maana yake digrii 15 kwa saa 1, au digrii 1 kwa dakika 4. Zamani kila mji ulihesabu saa zake kwa jua lake wenyewe. Reli zilipoenea, jambo hilo likaleta fujo, kwa sababu gari la moshi haliwezi kufuata saa mia za miji mia. Huko Uingereza makampuni ya reli yalianza kufuata saa moja, ile ya Greenwich, mwaka wa 1847. Na mwaka wa 1884 wajumbe wa nchi nyingi walikutana Washington, Marekani, wakakubaliana ya kuwa mstari wa Greenwich uwe ndio mwanzo wa hesabu.

Sasa tazameni kwetu. Saa ya Afrika ya Mashariki, itumikayo Tanzania, Kenya na Uganda, hutangulia saa ya Greenwich kwa saa 3. Saa 3 ni digrii 45, na mstari wa digrii 45 hupita karibu na mji wa Mogadishu, katika Somalia. Lakini Mbulu iko yapata digrii 35 na nusu. Tofauti ni digrii 9 na nusu. Zidisha kwa dakika 4, utapata dakika 38. Maana yake ni kwamba saa ya ukutani isemapo saa 6 kamili ya mchana, jua la Tlawi bado halijafika juu kabisa. Kwa kadiri ya mwaka mzima, litafika baada ya dakika 38. Dar es Salaam, iliyo mashariki zaidi, hungoja dakika 23 tu.

Mwanafunzi asiyesadiki na ajaribu mwenyewe. Katikati ya mwezi wa Juni, siku ya jua, simika fimbo iliyonyoka uwanjani, ukatie alama ncha ya kivuli chake kila dakika 5 kuanzia saa 6. Utaona ya kuwa kivuli kifupi kabisa huja yapata saa 6 na dakika 38.

Wala si hayo tu. Jua halichomozi kwa saa ile ile mwaka mzima. Mwanzoni mwa Novemba huchomoza Mbulu yapata saa 12 na robo. Katikati ya Februari, na tena mwishoni mwa Julai, huchomoza yapata saa 12 na dakika 45. Hapo sijataja vilima, ambavyo hulificha zaidi, wala ukungu wa miezi ya baridi. Basi mtu aondokaye "jua likichomoza" ataona mwezi wa Novemba amewahi, na mwezi wa Februari amechelewa nusu saa, wala hatajua kwa nini. Atawalaumu wenziwe, au atailaumu saa.

Hapa nakiri ya kuwa jua lilinifundisha jambo la heshima. Si kila achelewaye ni mvivu. Mzee aliyelelewa kwa saa ya jua, akaitwa mkutanoni kwa saa ya ukutani, ameitwa kwa hesabu mbili zisizolingana. Tumwelezeni kwa adabu, tusimcheke. Lakini mimi niliye na saa mkononi, na redio mezani, siwezi kujificha nyuma ya mzee huyo. Redio imekuwa mlinzi wa saa tangu zamani. Shirika la utangazaji la Uingereza lilianza kupiga milio yake 6 ya kutangaza saa Februari 5, 1924, ili kila asikiaye apate kurekebisha saa yake. Siku hizi hata simu ya mkononi ina saa iliyo sawa. Saa tunazo. Kinachokosekana ni kitu kingine.

Hesabu ya uongo

Kitu hicho ni hesabu ya kweli. Mwaka wa 1979 wataalamu wawili wa mambo ya nafsi, Daniel Kahneman na Amos Tversky, waliandika ya kuwa mwanadamu akikadiria muda wa kazi yake hupenda kuhesabu kana kwamba hakuna kitakachomzuia, ijapokuwa ameona mara nyingi ya kuwa hukosekani kizuizi. Na mwaka wa 1994 wataalamu wengine watatu, Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross, walitangaza habari za wanafunzi 37 wa chuo kikuu waliokuwa wakiandika kazi zao za mwisho. Waliulizwa, "Utamaliza kwa siku ngapi?" Kwa wastani wakajibu siku 34 hivi. Wakaulizwa tena, "Na kama mambo yote yakiharibika?" Wakajibu siku 49 hivi. Kazi zilipokwisha zikahesabiwa, zikaonekana zimechukua siku 55 na nusu kwa wastani. Tazameni jambo hilo: hata walipojitahidi kuwaza mabaya, hawakuyafikia mambo yalivyokuwa.

Niliposoma habari hizo nalijiambia, "Huyu ni mimi." Basi nikanunua daftari dogo. Kwa siku 14 niliandika saa niliyosema "sasa naondoka," na saa niliyofika kazini. Siku zote nilikuwa nikiamini ya kuwa njia yangu ni ya dakika 40. Daftari likanionyesha ya kuwa tangu kusema "sasa naondoka" mpaka kufika, nilitumia saa 1 na dakika 5. Nikashangaa, nikatazama tena. Njia yenyewe ilikuwa ya dakika 42, karibu sawa na nilivyodhani. Dakika 23 zilizobaki hazikupotea njiani. Zilipotea kati ya kusema "naondoka" na kufunga mlango.

Hapo ndipo nilipoujua ugonjwa wangu ulipolala. Nilikuwa nikiushtaki matope, vilima na magari, kumbe miguu yangu haina kosa. Kosa lilikuwa kizingitini. Kofia haionekani, mbuzi amejifungua kamba, nimesahau barua, narudi, nimekumbuka kumwagiza mtoto, narudi tena. Kila jambo ni dogo, dakika 2 au 3, na kila moja ni la haki. Lakini hakuna hata moja nililokuwa nimelitia katika hesabu. Kuchelewa huonekana mwisho wa njia, huzaliwa mlangoni.

Wa mwisho asiyechelewa

Nataka sasa niwakumbushe mtu wa kwetu, ambaye habari zake zilienea ulimwenguni kote. John Stephen Akhwari alizaliwa Mbulu mwaka wa 1938. Mwezi wa Oktoba, 1968, alitumwa na Tanzania kwenda Mexico katika Michezo ya Olimpiki, kukimbia mbio za maratoni, ambazo ni kilometa 42 na zaidi. Mji wa Mexico uko juu sana, mita 2,240 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi. Kabla hajafika nusu ya njia Akhwari alianguka. Goti lake likateguka na bega likaumia. Watu 75 walianza mbio zile. Waliomaliza walikuwa 57 tu. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alitumia saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani giza limekwisha ingia na watazamaji wengi wamekwisha kwenda zao, mguu wake umefungwa kitambaa, akichechemea. Alitumia saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Alikuwa wa mwisho. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu ya kuwa nchi yake haikumtuma mbali vile aanze mbio tu, bali ilimtuma azimalize.

Sasa nawauliza: je, Akhwari alichelewa? Saa yasema alifika saa 1 na dakika 5 baada ya mshindi. Lakini sijasikia mtu po pote amwitaye mchelewaji. Kwa nini? Kwa sababu mbio zilipoanza, Akhwari alikuwa pale mstarini pamoja na wenziwe. Lililompata njiani lilimpata akiwa amekwisha timiza lililo juu yake. Saa 1 na dakika 5! Ni muda ule ule ulioandikwa katika daftari langu. Yeye aliupoteza kwa goti lililoteguka. Mimi niliuona mwingi, nikaupunguza kwa kumsingizia mbuzi.

Tena yuko mwingine, jirani yetu wa Karatu, Filbert Bayi, aliyezaliwa mwaka wa 1953. Wakimbiaji wengi wa mita 1,500 hujificha nyuma ya wenzao, wakingoja mzunguko wa mwisho ndipo wakaze mwendo. Bayi hakungoja. Februari 2, 1974, huko Christchurch, New Zealand, alishika mbele tangu mwanzo mpaka mwisho, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3, sekunde 32 na sehemu 16 za mia. Nchi iliyozaa watu hawa wawili, mmoja maarufu kwa kumaliza na mwingine kwa kuanza, haiwezi kusema ya kuwa kuchelewa ni asili yake.

Dawa nilizozijaribu

Sasa nitaeleza dawa. Ni chache, nazo hazina fedha.

Ya kwanza, andika. Chukua siku 7 uandike saa ya kusema "naondoka," saa ya kufunga mlango, na saa ya kufika. Usikadirie kwa siku njema moja unayoikumbuka. Kadiria kwa hizo siku 7 zote, pamoja na ile mbaya. Yaliyopita ni shahidi mwema kuliko matumaini.

Ya pili, ukiitwa mahali, usiishike akilini saa ya kufika. Ishike saa ya kufunga mlango. Mkutano ukiwa saa 4, nami nahitaji saa 1 na dakika 5, basi kwangu mkutano huo ni wa saa 3 kasoro dakika 5. Hiyo ndiyo saa ninayomwambia mke wangu, na hiyo ndiyo ninayoiandika.

Ya tatu, mambo ya asubuhi yatendwe jioni. Viatu, barua, ufunguo, nauli, vyote viwekwe mahali pamoja kabla ya kulala. Gari lijazwe mafuta leo. Dakika moja ya usiku ni kama dakika tatu za asubuhi.

Ya nne, ufunge nia yako kwa alama unayoiona au kuisikia. Mtaalamu mmoja wa Ujerumani, Peter Gollwitzer, aliandika mwaka wa 1999 ya kuwa mtu asemaye, "Litakapotokea jambo hili, nitafanya jambo hili," hutimiza zaidi kuliko asemaye tu, "Nitajitahidi." Basi nami nasema, "Habari za redio zikianza, nasimama na kuvaa koti, hata kama chai imo kikombeni." Chai nyingi nimeziacha kikombeni. Sijutii hata moja.

Ya tano ni ya salamu. Kwetu mtu hawezi kumpita mzee njiani kama apitaye mti. Atasimama, ataulizwa habari za nyumbani, za ng'ombe na za mvua, naye atajibu. Wako wasemao ya kuwa desturi hii ndiyo ituchelewayo, tuiache. Mimi sikubali. Salamu si kizuizi cha njia. Ni sehemu ya njia. Kosa letu ni kuondoka kana kwamba hatutakutana na mtu. Ongeza dakika 15 za salamu katika hesabu yako, utamsalimu mzee kwa utulivu, wala hutakuwa ukichungulia saa yako naye anakueleza habari za mgonjwa wake.

Ya sita, ukiisha kuchelewa, usiseme uongo. Wangapi husema, "Niko karibu, nakuja," nao bado wamo ndani ya nyumba? Mwenzako akijua ya kuwa utachelewa saa nzima, aweza kufanya kazi nyingine, au kwenda na mtu mwingine. Ukimdanganya, umemwibia mara mbili. Lau baba yangu angalipata neno la kweli asubuhi ile, pengine angalipakia lori lo lote lililopita, akafika kabla ya saa 4.

Ya saba si ya mchelewaji, ni ya wakubwa waitao mikutano. Desturi imeingia ya kuwaita watu saa 2 kwa kuwa unajua watakuja saa 4. Matokeo yake ni nini? Yule aliyefika saa 2 huadhibiwa kwa saa 2 za kungoja, na yule aliyefika saa 4 hupewa kiti. Mara ya pili, aliyewahi naye hufika saa 4; na mwenye mkutano hana budi kuita watu saa 12! Anzeni kwa saa mliyoitaja, hata kama wamo watu 5. Wanafunzi na wapige hesabu hii: watu 30 wakimngoja mtu mmoja kwa dakika 40, zimepotea dakika 1,200, nazo ni saa 20. Mtu alimaye saa 5 kila siku angalilima siku 4 kwa muda huo. Mchelewaji huyo hakuchelewa dakika 40. Amekula siku 4 za jembe la jamaa zake.

Kabla ya kuagana

Mtaniuliza, "Je, umepona?" Jibu langu ni kwamba sijapona kabisa. Ziko siku ninazoshinda, na ziko siku ambazo daftari linaniaibisha. Desturi ya miaka mingi ni kama njia ya ng'ombe mlimani. Hata ukiifunga kwa miiba, miguu yaikumbuka. Lakini sasa najua mahali pa kuilinda. Siilindi barabarani, naulinda mlango.

Baba aliishi miaka mingi baada ya siku ile, akiona kwa jicho moja. Hakunikumbusha habari zile hata mara moja. Lakini kila nilipompelekea neno ya kuwa naja, watu waliniambia ya kuwa mzee alikwenda kuketi juu ya jiwe lile mapema, kabla ya saa niliyoitaja, akitazama upande wa kulia kwa lile jicho lililobaki. Nami nikaazimia ya kuwa asiniwazie tena nimepinduka bondeni. Mara nyingi niliwahi. Mara chache sikuwahi, na hizo nazikumbuka zote.

Basi, Mabibi na Mabwana, kila mmoja wetu anaye mtu aliyeketi juu ya jiwe mahali fulani, akitazama njia. Mwanafunzi, ni mwalimu wako. Baba, ni mtoto wako mlangoni mwa shule. Mganga, ni mgonjwa wako. Kesho asubuhi, kabla hujauliza saa ya kufika, uliza saa ya kufunga mlango, kisha ufunge.